Kabla ya Kiitikio

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kurekodi, Nyundo aligundua kwamba dramu zilizomo katika albamu yao hakuzipiga yeye. Aligundua akiwa jikoni kwa mama yake, pasi ya moto mkononi, na ni neema ya Mungu tu kwamba blauzi aliyokuwa akiipiga iliungua kola peke yake.

Mama alikuwa ametumbukiza simu ndani ya bilauri ili sauti ipate nguvu, ujanja wake wa siku zote, huku akimenya viazi na kutikisa kichwa kufuata wimbo. Ulikuwa wimbo wao wa tatu, ule wa mwana mpotevu anayerudi nyumbani na viatu vya kuazima.

"Nduguyo kanitumia jana," Mama alisema. "Kaniambia nisimsikilizishe mtu mpaka siku ya uzinduzi. Lakini wewe si mtu baki, wewe ndiye mpigaji."

Nyundo akatega sikio. Gitaa lilikuwa la mdogo wake, hilo halina ubishi, na besi lilikuwa la Bonge, mwenzao wa bendi. Ila dramu zilikuwa za mgeni. Kila pigo lilikuwa sawasawa na lililotangulia, kama matofali yaliyotoka kwenye kalibu moja. Mkono wake wa kushoto ni mwepesi kuliko wa kulia tangu azaliwe. Hapa mikono yote miwili ilikuwa na nguvu ileile. Kanyagio la ngoma yake kubwa hulia kama panya aliyebanwa mlangoni, na hata mafuta ya mashine hayajawahi kulinyamazisha. Hapa panya hakuwepo.

"Umepiga vizuri sana, mwanangu," Mama akaendelea, akitupa maganda. "Safari hii hata hukupotea. Umepiga kama mashine."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyomzindua. Akainua pasi bila kusema neno. Mama akamtazama, akaitazama kola, akadhani ni kiherehere cha siku ya mwisho. Akamwambia avae sweta juu yake, hakuna atakayeona.

Tumjue kidogo mwanamke huyu kabla hajafika studio, maana huko hatapata nafasi ya kujieleza. Siku za kazi ni mwalimu wa chekechea. Huwafuta watoto kamasi, huwafundisha kufunga vifungo, na wao wanampenda kwa sababu hana haraka nao. Jioni hupiga dramu kana kwamba zimemtukana. Jina la Nyundo alipewa na waumini wenzake, na hawakuwa wakimsifu. Bendi yao inaitwa Punda wa Balaamu, kwa sababu Kinda, mdogo wake, alisema kwamba kama Mungu aliweza kumtumia punda kusema, wao hawezi kukosa kazi ya kuwapa. Wanapiga panki ya Injili. Nusu ya kanisa ilidhani panki ni mtindo wa kunyoa, na nusu nyingine, baada ya kuwasikia, ilitamani ingekuwa hivyo. Nyimbo zao ni fupi, za mbio, za kurukaruka, na Yesu anaitwa humo kwa sauti ya mtu anayemwita jirani nyumba ikiwaka moto. Vijana walizipenda mara moja. Wazee walisema watatazama kwanza, na bado walikuwa wanatazama.

Sasa mchungaji alikuwa ametangaza uzinduzi na mabango yalikuwa yamebandikwa. Juu ya kila bango alikuwepo Nyundo, vijiti hewani, mdomo wazi. Tangu akiwa msichana Nyundo alitaka kitu kimoja tu katika muziki: aache mahali fulani mapigo aliyoyapiga kwa mikono yake, ayasikie siku moja kupitia ukuta wa mtu asiyemjua. Picha yake ilikuwa kwenye bango, na mikono yake haikuwa kwenye albamu. Hilo alikwenda nalo njia nzima.

Studio ya Fundi ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Magodoro ya zamani yalipigiliwa kutani, vipande vya mazulia vilitandikwa sakafuni, na dirisha la kioo lilitenga chumba cha kupigia na kijichumba cha mitambo. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo aliyerekodi kwaya maisha yake yote, na alipenda kusema kwamba kwaya ndizo zilizomfundisha kusali, hasa kuomba zimalize. Nyundo alimkuta peke yake. Kinda na Bonge walikuwa bado nje wakishusha spika.

Alijitia hamnazo. "Fundi, dramu za wimbo wa tatu umezifanyaje? Zimetoka safi kweli."

Uso wa Fundi ukakunjuka. "Afadhali umesema mwenyewe, dada. Nilikuwa na wasiwasi utanuna. Wapiga dramu nawajua, wana roho nyepesi. Lakini nduguyo aliniambia mmekaa, mmezungumza, umekubali mashine ishike nafasi."

"Zote?"

"Zote tisa. Umebaki huu wa leo. Wewe piga tu kwa mazoea, nami nitabadilisha baadaye." Aliyasema hayo kwa wema, na wema wake ndio uliouma zaidi.

Nyundo akavuta kiti akaketi. "Nionyeshe nilipoharibu."

Fundi hakuona ubaya. Akafungua wimbo kwenye kioo cha kompyuta na kuonyesha kwa kalamu. "Mistari hii ya kusimama ni tiki, ile saa mnayoisikia kwenye hedifoni. Vilima hivi ni mapigo yako. Hapa uko juu ya mstari, hapa pia, hakuna wa kukulaumu. Sasa ona kabla ya kiitikio. Umebaki nyuma. Ukishaingia kwenye kiitikio unarudi mstarini kama hakijatokea kitu. Wimbo wa pili, palepale. Wa tano, palepale. Nyimbo zote, kabla ya kila kiitikio, unavuta miguu. Yule mtu wa redio aliyepelekewa majaribio alisema wimbo unachechemea."

"Na sauti ya Kinda? Yeye aliimba akinifuata mimi."

"Nimeisogeza ikae na mashine. Halafu akaniomba nimfute pumzi. Zile za kuhema, unazijua. Nimezikata zote, huwezi kusikia hata moja."

Nyundo akavikazia macho vile vilima. Alijua kwa nini vimebaki nyuma, na alijua kabla Fundi hajamaliza kusema. Kinda ana pumu tangu utoto. Kila wanapokaribia kiitikio hutaka kifua kizima cha hewa, na hewa hiyo humjia ikiwa imechelewa kidogo. Tangu walipoanza kupiga sebuleni kwa Mama, yeye nyuma na mdogo wake mbele, Nyundo alizoea kuyatazama yale mabega. Yakipanda, mkono wake unasita. Yakishuka, mkono unaanguka. Hakuna aliyemfundisha, na kwa muda mrefu alikuwa amesahau hata kwamba anafanya hivyo.

Sikuchelewa, nilikuwa namsubiri. Maneno hayo yalimfika kwenye ncha ya ulimi, akayameza. Kuyasema ilikuwa ni kumvua nguo mdogo wake mbele ya mtu wa nje. Na papo hapo, tusimpake mafuta, alitamani kumkaba huyohuyo mdogo wake koo. Alishukuru waliporudi na spika, kwa sababu ilimbidi ainuke awafungulie mlango.

Watu hawa walikuwa na desturi yao, na ni vyema ieleweke, kwani ndiyo iliyoharibu siku. Waliiita duara. Ilianza baada ya Kinda na Bonge kutupiana ngumi nyuma ya kanisa kwa ajili ya waya wa gitaa, muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, kisha wakapanda na kuimba juu ya upendo, mmoja akiwa na mdomo uliovimba. Nyundo alisema hapana, sadaka haitolewi na watu walionuniana. Akaweka sheria: kabla ya kugusa chombo mtashikana mikono, kila mmoja atamtazama mwenzake machoni, na atasema ama "sina neno nawe" ama neno lenyewe. Yalisemwa mengi katika duara hilo. Nani kala mkate wa nani, nani kabadilisha mashairi kimyakimya, nani aliacha kumwombea nani mgonjwa. Wakati mwingine mazoezi yaliisha bila kupigwa hata wimbo mmoja. Bendi nyingine zilikuwa na meneja, wao walikuwa na duara, na walijivuna nalo kuliko inavyowafaa watu wa Mungu.

Wakashikana mikono katikati ya chumba. Kiganja cha Bonge kililowa jasho. Huyu Bonge, mpiga besi, jitu zima lenye roho ya mtoto, kwa kawaida huwa hakosi kichekesho. Leo alikuwa nacho kimoja tu, nacho hakikuwa na chumvi. "Sina neno nawe, na wewe sina neno nawe, tupige tukale," alisema kwa mkupuo huku akitazama zulia. Nyundo akajua kwamba na huyu anajua.

Ikawa zamu ya Kinda. Alimgeukia dada yake. Mkono wake ulikuwa mdogo na wa baridi. Akafungua kinywa, akakifunga, akameza mate.

Sema, Nyundo alimwambia moyoni. Sema sasa hivi, mimi nitakasirika, nitapiga kelele, halafu yataisha. Alimpa nafasi. Alimpa nafasi ndefu kuliko aliyowahi kumpa mtu yeyote, na moyo wake ulikuwa ukidunda mpaka akadhani Fundi anausikia kupitia vipaza sauti.

"Dada," Kinda alisema. "Sina neno nawe."

Ikawa zamu yake. Angeweza kulimwaga lote pale. Aliyaona yatakayofuata kama mtu anayeona filamu mara ya pili: Kinda atalia, Bonge atatania, Fundi atatazama saa, Kinda atajieleza huku kifua kikimbana, na mwisho wa yote atakuwa ni yeye Nyundo anayembembeleza na kumsugua mgongo. Siku zote huishia hapo. Na akishamaliza kubembeleza, bado hatakuwemo kwenye albamu.

"Sina neno nawe," alisema, bila kupepesa macho.

Wakaachana mikono, kila mmoja akaenda kwenye chombo chake. Kinda akavuta dawa yake ya pumu, akashikilia pumzi, akaitoa polepole, akakitia kichupa mfukoni. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa mbio kuliko yote. Ulisimulia mtu anayezama huku akiita, na ulikuwa na kiitikio kinachorudi na kurudi, mara tatu mfululizo mwishoni, bila mahali pa kupumzika. Kinda ndiye aliyeutunga. Watu wa pumu wana ujasiri wa ajabu wakiwa na kalamu.

"Kwa mazoea tu," sauti ya Fundi ilisema kwenye hedifoni.

Nyundo akahesabu hadi nne, akaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda sawa. Alipiga akiwa ameuma meno, na hasira ikampa mkono wa kushoto nguvu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kiitikio kikakaribia. Akaona mabega ya mdogo wake yakianza kupanda. Tiki masikioni mwake haikupunguza mwendo, na safari hii na yeye hakupunguza.

Kinda aliingia na nusu ya kifua. Maneno ya mwisho ya mstari yalimfia mdomoni. Ubeti wa pili, kiitikio cha pili, mabega yakapanda, na Nyundo akapita juu yake kama gari lisilomwona mtu wa miguu. Ndipo Kinda akageuka. Aliendelea kuimba huku akimwangalia, macho yamemtoka, na katika macho hayo mlikuwa na ombi lililo wazi kabisa. Alikuwa akiomba hewa. Nyundo aliliona, akalielewa, akalikataa, huku akimtazama usoni. Bonge alishangaa, akatazama mmoja, akatazama mwingine, vidole vyake vikikimbia kwenye nyuzi kwa sababu hapakuwa na la kufanya ila kukimbia.

Vikaja vile viitikio vitatu vya mfululizo. Katika cha kwanza sauti ya Kinda ilichanika. Katika cha pili haikuwa kuimba tena, ilikuwa ukelele wa mtu aliye ndani ya maji. Cha tatu alikimaliza kwa midomo, sauti hakuna. Nyundo akapiga matoazi pigo la mwisho, akayashika kwa viganja yanyamaze.

Kinda alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye godoro la ukutani. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Alitafuta kichupa mfukoni, kikamponyoka, Bonge akakiokota na kumwekea mdomoni. Nyundo alibaki kwenye kiti chake na vijiti mapajani. Alikuwa amekusudia kumwumiza na alikuwa amefaulu, na sasa hofu ilimshika mpaka akashindwa kuinuka.

Kidogo kidogo filimbi ikapungua. Kinda alipopata sauti, hakulaumu.

"Kumbe unajua," alisema.

"Mama kanisikilizisha asubuhi. Kasema nimepiga kama mashine."

Kinda akafumba macho.

"Ulimwambia Fundi nimekubali," Nyundo alisema.

"Ndiyo."

"Na kwenye duara ukanitazama usoni ukasema huna neno."

"Ndiyo. Na wewe ukasema hivyohivyo."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Bonge akajikohoza. "Mimi nilimwambia akwambie, dada. Mara nyingi tu."

"Ulimwambia, halafu ukanyamaza. Kaa kimya basi, umeshazoea."

Bonge akarudi nyuma, akaegemea spika.

"Nilikuogopa," Kinda akasema. "Yule wa redio aliposema dramu zinachechemea, nikaona nikikwambia utaacha. Na wewe ukiacha hakuna bendi. Nikajiambia albamu ikishatoka, watu wakishaipenda, nitakwambia, na utacheka."

"Unaniona nacheka?"

Kwenye hedifoni Fundi aliguna, kisha akafungua mlango wa kijichumba chake akasimama hapo kizingitini. "Mimi ugomvi wa ndugu siingii. Kumbe nilidanganywa na mimi, lakini hilo tutalizungumza baadaye. Dada, nina neno moja la kazi. Ulivyopiga sasa hivi, hakuna pigo hata moja lililotoka mstarini. Ukinipigia hivyo nyimbo zote, mashine naitupa leo. Mchana wote ni wenu. Albamu nzima itakuwa mikono yako mwenyewe."

Basi, alichokitaka maisha yake yote kikawekwa mapajani pake, kando ya vijiti.

Kinda alianza kuinuka, mkono ukutani. "Turudie. Zote."

"Utaanguka, kaka," Bonge alisema.

"Nitajitahidi. Ni haki yake. Piga hivyohivyo, dada, usinisubiri." Akaanza kuokota gitaa, akaishia katikati, akiwa ameinama. Neno lilikuwa limemtoka kabla hajalifikiri. Akasimama taratibu. "Usinisubiri," akarudia, safari hii akimtazama. "Leo ni mara ya kwanza hukunisubiri."

Nyundo aliviondoa vijiti mapajani, akaviweka juu ya ngoma.

"Siku zote huwa unanisubiri. Ndiyo sababu inachechemea. Ni mimi."

"Mabega yako yakipanda nasita, yakishuka naingia," Nyundo alisema. "Tangu sebuleni kwa Mama."

"Nyimbo zote?"

"Zote."

Fundi aligeuka polepole kuitazama kompyuta yake, ile mistari na vile vilima.

Nyundo alidhani mdogo wake atalia. Hakulia. Uso wake ulikaza, na akaona kwa mara ya kwanza kwamba Kinda naye anaweza kukasirika mpaka akatisha. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba huwezi?"

"Ndiyo! Ungeniambia siwezi, ningejifunza, au ningetunga vingine, au ningejua tu. Nimesimama mbele za watu miaka yote nikidhani wimbo ndivyo ulivyo. Unanilaumu nimekuficha. Sawa, nimekuficha, nimekosa. Lakini wewe umenificha kifua changu mwenyewe."

Ni mara ngapi Nyundo alikuwa amesimama katika duara, mikono ya mdogo wake mikononi mwake, akasema sina neno, na neno lilikuwa hilo? Aliliita upendo, na upendo ulikuwemo, tusimnyime. Lakini ulikuwemo pia utamu wa kuwa mtu asiyeweza kukosekana, na utamu huo hakuwahi kuutaja kwa mtu, wala kwa Mungu. Aliona aibu na alikuwa bado na hasira, vyote kwa pamoja, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

"Fundi," alisema hatimaye. "Zile dramu zangu za mwanzo, umezifuta?"

"Mimi sifuti kitu. Zipo."

"Na sauti yake ya mwanzo?"

"Ipo. Na pumzi zake zote."

Nyundo akamgeukia Kinda. "Hili siwezi kuliamua peke yangu. Zangu zikirudi, zako zinarudi nazo, haziachani. Mtu akiweka hedifoni atakisikia kifua chako kabla ya kila kiitikio."

Rangi ikamtoka Kinda. Shuleni watoto walikuwa wakiigiza ile filimbi yake, mmoja akianza na darasa zima likipokea, na mwalimu alicheka pia. Kwa hiyo aliposikia kwamba mashine inaweza kukata pumzi, hakuuliza mara mbili. Dramu za dada yake zilikuwa sababu aliyompa Fundi. Nyundo aliyaona hayo yote yakipita usoni pake, akaelewa kwamba mtu wa redio alikuwa nusu tu ya habari.

"Watacheka," Kinda alisema.

"Wengine."

Kinda alitazama vidole vyake. Bonge alishusha besi chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemlaza mtoto, asije akatoa mlio.

"Zirudishe," Kinda akasema, akielekea kwenye kioo. "Zote. Na pumzi."

"Redio watasema bado inachechemea," Fundi alionya.

"Waseme."

Fundi akarudi kwenye mitambo yake, akabonyeza hapa na pale, na wimbo wa tatu ukatoka kwenye spika kama walivyoupiga siku ile. Panya wa kanyagio alikuwa analia. Ubeti ukaenda, ukakaribia mwisho wake, na ngoma ndogo ikasita, kidogo mno, usingejua kama hukuambiwa. Katika upenyo huo alisikika mtu akivuta hewa, kwa nguvu na kwa shida, kama mtu aliyetoa kichwa majini. Kisha sauti na dramu zikaingia pamoja, na wimbo ukafunguka wote. Kinda alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Nyundo alisikia nywele za shingo zikimsimama, akashangaa kwamba kitu hicho walikifanya wao.

"Na mimi nilikikata hiki," Fundi alisema kwa sauti ya chini, nyuma ya kioo.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyekumbatiana na mtu. Kinda alishusha mikono. "Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Leo bado."

"Sawa."

"Na mimi nisamehe ya leo. Nilikuona ukiniomba, nikakuacha makusudi."

"Najua. Nilikuwa nakutazama." Akafikiri. "Na mimi leo bado."

"Sawa," Nyundo alisema, na ajabu ni kwamba hilo lilimtuliza kuliko msamaha ambao angepewa haraka. Akageukia dirisha. "Fundi, huu wa mwisho tunaurudia. Ile niliyopiga ifute kabisa."

"Ile nzuri?"

"Hiyohiyo. Na uzime tiki."

Fundi alifungua mdomo kupinga, akamwona uso, akazima.

Kinda alivaa gitaa na kusimama mahali pake pa kawaida, akielekea kioo. Nyundo akamwashiria kwa kijiti. "Njoo hapa mbele yangu. Geuka. Nataka kukiona kifua, si mgongo."

Akaja, akageuka, wakabaki wakitazamana, dramu katikati yao.

"Ukitaka pumzi, vuta ushibe, usiibe," alimwambia. "Na nikichoka kukusubiri, nitakwambia usoni."

"Na nikiweza bila kusubiriwa?"

"Utaniambia wewe."

Kinda akaitikia kwa kichwa. Nyundo akainua vijiti, akayakazia macho mabega ya mdogo wake, akahesabu hadi nne.